Treni ya Mtoto na Reli za Jirani

Kiswahili kiliipokea treni kwa jina la garimoshi, yaani gari liendalo kwa moshi. Leo zipo treni za umeme zisizotoa moshi hata kidogo, ila jina limebaki. Nimelitafakari jina hilo kwa muda, kwa kuwa nilipewa jukumu ambalo halikuwa dogo kama lilivyoonekana: kumchagulia mpwa wangu wa miaka mitano treni yake ya kwanza ya umeme ya kuchezea.

Mpwa wangu alihamia Kampala pamoja na mama yake na mdogo wake wa kike, wakitokea Jinja. Wanaishi katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja unaotumiwa na familia nne. Nyumbani husema Kisoga. Watoto wa uani husema Kiganda. Lugha hizo ni ndugu, lakini mtoto mgeni hajui kwamba ni ndugu mpaka athubutu kufungua kinywa. Kwa majuma mengi alikaa mlangoni akiwatazama wenzake wakicheza. Kwa hiyo dada yangu hakuniomba kitu cha kumtuliza mtoto ndani ya nyumba. Aliniomba kitu kitakachomtoa mlangoni.

Kaka yetu mkubwa anaishi Marekani. Alipopata habari, alijitolea kutuma seti nzuri sana: kichwa cha treni cheusi, mabehewa manne, reli za chuma na transfoma ya kuchomeka ukutani. Neno la kaka mkubwa si la kukataliwa ovyo. Nikamwomba anipe siku chache nilichunguze jambo hilo, nami nikaanza kulichunguza kwa utaratibu.

Jambo la kwanza lilikuwa umeme wenyewe. Soketi za Marekani hutoa umeme wa volti 120, na zetu hutoa volti 240. Transfoma iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee, ikichomekwa katika soketi ya hapa, hupata joto kupita kiasi na kuungua, na huenda ikawasha moto. Kwa hiyo yeyote anayeletewa kifaa kutoka nchi za mbali asome kwanza kibandiko cha transfoma. Kikiandikwa 100–240, kifaa kitafaa hapa na kule; kikiandikwa 120 peke yake, kisichomekwe kamwe bila kifaa cha kupunguza umeme. Reli zenyewe hazina hatari kubwa, kwani treni nyingi za namna hiyo huendeshwa kwa volti zipatazo 12. Hatari iko upande wa ukuta, na mtoto wa miaka mitano hajui mpaka wa pande hizo mbili.

Jambo la pili lilikuwa ukubwa. Treni za mfano hutengenezwa kwa vipimo maalumu. Kipimo kilichoenea zaidi duniani huitwa HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Chukueni reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1435, mgawanye kwa 87, nanyi mtapata milimita 16.5, ambao ndio upana wa reli za HO. Kichwa cha treni chenye urefu wa mita 20 huwa na sentimita 23 tu. Kiko kipimo kidogo zaidi kiitwacho N, chenye reli za milimita 9. Vipimo hivyo humpendeza mtu mzima mwenye subira. Kwa vidole vya mtoto mdogo, kulipanga gurudumu jembamba juu ya reli ya chuma ni kazi ngumu. Treni huanguka, mtoto hukasirika, na mwishowe mtu mzima ndiye anayecheza huku mtoto akitazama. Mpwa wangu alikwisha kutazama vya kutosha.

Jambo la tatu lilikuwa binti mdogo wa miaka miwili, ambaye kila akiokotacho hukipeleka kinywani. Katika nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, betri za duara bapa mfano wa kitufe ni hatari kuu. Ikikwama kooni, betri hiyo huweza kuunguza nyama za koo kwa muda wa saa mbili hivi. Sumaku ndogo nazo ni hatari: mtoto akimeza mbili, hutafutana ndani ya tumbo na kuyabana matumbo katikati yake. Kwa hiyo niliweka masharti matatu. Betri ziwe za kawaida, zile za mviringo mrefu, na mfuniko wake ufungwe kwa skrubu. Sumaku za kuunganishia mabehewa zishikwe imara ndani ya mbao au plastiki. Kisha pasiwe na kipande chochote kinachoweza kumezwa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dukani niliona masanduku yenye picha za kupendeza, taa na milio, lakini niliyatazama kwa masharti yangu na mengi yakajiondoa yenyewe. Zilizobaki ni treni ndogo za betri zipitazo juu ya reli za mbao zilizochongwa mifereji miwili.

Palikuwa na sababu nyingine ya kuzipenda, nayo ndiyo iliyokata shauri. Mtoto wa jirani, mwenye miaka sita, alikuwa na vipande tisa vya reli za mbao alivyorithi kwa binamu zake. Treni hakuwa nayo. Alikuwa akisukuma kopo la dawa ya viatu juu ya reli hizo. Nilimwomba mama yake kipande kimoja, nikakitia mfukoni na kwenda nacho dukani. Watengenezaji wengi wa reli za mbao hufuata upana ule ule wa mifereji na maungio yanayoshabihiana, hata kama majina yao ni tofauti. Hata hivyo si wote, na hakuna njia bora ya kuhakikisha kuliko kuunganisha vipande viwili kwa mikono yako kabla ya kulipa. Viliungana. Nikanunua kichwa kimoja cha treni cha betri, mabehewa mawili, na reli za kutosha duara dogo tu.

Kaka yangu hakuridhika. "Mdogo wangu," aliniambia kwa simu, "treni ya mbao ni ya mtoto mchanga. Nataka mwanetu awe na kitu cha kujivunia." Nilimjibu kwa heshima kwamba seti yake ni ya thamani kiasi kwamba mama atawakataza watoto wengine kuigusa, na treni isiyoguswa na wengine itamrudisha mwana wetu kule kule mlangoni. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema atamwekea seti ile mpaka afikishe miaka kumi, akatuma fedha za kununua daraja na kipande cha njia panda, kile kinachoigawa reli moja kuwa mbili.

Siku ya kwanza, duara la mpwa wangu na vipande tisa vya jirani vilitandazwa barazani, na watoto watano wakakusanyika. Siku ya tatu wakagombana juu ya zamu. Mwenye vipande tisa akavikusanya, akaenda navyo kwao. Mpwa wangu akabaki na treni yake ikizunguka duara dogo lisilofika popote. Dada yangu alitaka kuingilia kati, nikamsihi asubiri. Jioni ya pili watoto wenyewe walikubaliana: kila mmoja apewe mizunguko mitatu, kisha ampishe mwenzake. Kazi yetu watu wazima ilikuwa moja tu. Tuliweka alama ya wino chini ya kila kipande, rangi ya buluu kwa huyu na nyekundu kwa yule. Tangu hapo hakuna aliyeogopa kuazima, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba chake kitarudi. Mpwa wangu sasa huhesabu mizunguko kwa Kiganda.

Mtaniuliza, jambo hili linahusianaje na somo letu la uraia? Tazameni ramani ya reli zetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Upana wake ni mita moja, sawa na reli ya kati ya Tanzania. Nchi tatu ziliendesha reli hizo chini ya shirika moja mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na kila nchi ikachukua vipande vyake. Reli ya TAZARA, itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, ina upana wa milimita 1067. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, mizigo hulazimika kuhamishwa Kidatu kutoka treni moja kwenda nyingine.

Sasa tunajenga upya. Kenya ilifungua reli ya milimita 1435 kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, juu ya reli ya upana huo huo, na mwaka huo huo Uganda ilizindua ujenzi wa reli kama hiyo kutoka Malaba hadi Kampala. Upana umelingana, nalo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo treni za Kenya huvutwa kwa dizeli na za Tanzania kwa umeme. Mazungumzo kati ya majirani hayajakwisha. Mwenye treni bila reli ya jirani huzunguka uani mwake tu.

Zoezi la juma hili: andikeni aya moja kuhusu kitu ambacho familia yenu hutumia pamoja na majirani, kiwe kisima, njia au ukuta. Elezeni ni nani mwenye mali, ni nani mtumiaji, na ni kanuni gani iliyowapatanisha. Tumieni maneno haya: zamu, kuazima, mpaka, maafikiano.