Ghala Lisiloonekana

Mkulima wa Uasin Gishu avunapo mahindi hajihesabu tajiri mpaka ameyatia ghalani. Hata hapo hapati raha, kwa kuwa maadui wa ghala ni watatu: mwizi achukuaye nafaka, mdudu aiharibuye pasipo kuichukua, na kizuizi kifungacho njia, nafaka ikawapo lakini mwenye njaa asiifikie. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu hapa Eldoret, na kila nifikiripo juu ya seva, yaani kompyuta zihifadhizo habari za watu wengi na kuendesha programu za maofisi na hospitali, mfano huu hunijia.

Mji wetu una sababu ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Kazi hiyo ilisaidia kuzaa programu iitwayo OpenMRS, iliyoanza kutungwa mwaka 2004. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret kwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, na leo hutumika katika nchi nyingi. Fikirini, vijana, kilichomo katika ghala la namna hiyo. Siri ya mgonjwa ikiibwa, huenda akakosa kazi au ndoa. Kipimo cha dawa yake kikibadilishwa, huenda akapoteza maisha. Jalada lake lisipofunguka, daktari hutibu gizani.

Adui wa tatu nchi yetu imekwisha kumwona. Mwezi wa Julai 2023 mfumo wa eCitizen, ulio mlango wa raia kwa huduma za serikali, ulimiminiwa maombi ya uongo kupita uwezo wake. Serikali ilisema kwamba hakuna habari iliyopotea. Lakini watu waliohitaji pasipoti, leseni na viza walibaki nje. Mlango haukuvunjwa, ulisongwa.

Ulinzi wa ghala hili si uchawi. Kila programu ina nyufa, na watungaji wake hutoa viraka vya kuziziba. Achelewaye kuvitia na akumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mfanyakazi apewe ufunguo wa chumba chake tu, maana karani wa malipo hana haja ya kusoma ugonjwa wa mtu. Seva iandike jina la kila aingiaye, na orodha hiyo isomwe. Nakala ya habari iwekwe mahali pengine, tena ijaribiwe kabla ya msiba, si baada yake.

Niliwahi kuingia katika ofisi moja nikaona neno la siri limeandikwa katika karatasi na kubandikwa juu ya kompyuta. Kufuli lilikuwa la thamani, na ufunguo ulining'inia mlangoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka atunzaye habari za watu azilinde, lakini sheria haina mkono wa kuibandua karatasi ile. Huibandua mtu mwaminifu.

Baadhi yenu mtakuwa wauguzi, makarani na mafundi wa seva. Atakayekabidhiwa ufunguo, hata uwe mdogo, na ajue kwamba nyuma ya mlango wake wamo watu wengi wasiomjua, nao wamemwamini.