Nilivyouona Mji wa Königsberg

Kwetu Kibiti, huko kwenye delta ya Rufiji, habari za Königsberg, manowari ya Wadachi, husimuliwa hata leo. Ilizama kati ya mikoko yetu tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikakokotwa na watu mpaka Dar es Salaam. Mmoja wa watu hao alikuwa babu yake baba yangu. Hakurudi.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda Ulaya, nilitaka kuuona mji ulioipa manowari ile jina. Nilifika mwezi wa Januari. Lo! Baridi ya huko usiifananishe na ya Usambara. Nilivaa soksi pea mbili, na vidole vikafa ganzi vilevile. Mto Pregolya ulikuwa umeganda ukingoni, na theluji imelifunika paa la kanisa kuu la kale, lililoungua kwa mabomu mwaka 1944 na kutengenezwa tena baadaye. Mji wenyewe sasa ni wa Urusi. Tangu mwaka 1946 huitwa Kaliningrad. Nimetoka mbali kutafuta jina, kumbe wenyewe wamekwisha kuliacha!

Sokoni, kwa kinywa cha mkalimani, nilimsimulia mama mmoja muuza samaki wa moshi habari za babu. Akauliza jina lake. Nikaona haya, maana nyumbani tunamwita Babu wa Mizinga tu. Mama yule akanifunga vizuri kitambaa shingoni, akanipa samaki, akakataa fedha.