Kabla ya Kumwagiza Sonara

Sisi tunaoishi Mwakitolyo tumeizoea dhahabu kama wavuvi walivyozoea samaki. Vijana wanaichimba, wanawake wanaponda mawe yake, na bei yake inajulikana kila kibanda. Pamoja na hayo, mama mwenye pete ya dhahabu ni wa kutafuta. Dhahabu ikipatikana huuzwa ili kulipa ada, kununua bati au kumtibu mtoto.

Pete yetu ya ndoa nayo ilikwenda hivyo. Tuliiuza mtoto wetu wa pili alipolazwa, wala hatukujuta. Sasa ndoa yetu imetimiza miaka 20, na kwa wiki kadhaa tumekuwa na mazungumzo nyumbani. Mmoja wetu alitaka tumwagize sonara pete mpya, tena yenye kito cha rangi. Mwingine aliifikiria ada ya chuo ya binti yetu.

Mvuto wa rangi tunauelewa. Pete za dhahabu tupu hufanana dukani, lakini vito viwili vya rangi havifanani kabisa. Na nchi yetu imejaliwa. Tanzanaiti, yenye samawati iliyochanganyika na zambarau, ilianza kujulikana mwaka 1967 huko Mererani, na duniani haichimbwi kibiashara mahali pengine. Kuna yakuti za Bonde la Umba, zumaridi karibu na Ziwa Manyara, na ganeti za rangi nyingi.

Hata Shinyanga yetu ina habari yake. Mwaka 1947 palipatikana Mwadui almasi ya waridi yenye karati 54.5. Ilitolewa kama zawadi ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Pambo hilo lilibuniwa kwa ajili ya jiwe hilo moja.

Katika Biblia pia, kifuko cha kifuani cha kuhani Haruni kilikuwa na vito 12, kila kimoja na jina la kabila lake. Hapo tulipata jambo la kufikiri. Kito hakikuwekwa ili kuwaringia jirani, bali kuwabeba watu karibu na moyo.

Kwa upande wa uuguzi, yapo mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza. Pete yenye kito kilichoinuka huchana glavu, na uchafu hujificha chini yake; wodini haifai. Vidole vya mjamzito huvimba, basi asipimwe pete miezi hiyo, na aliye nayo aivue kabla haijakwama. Mama anayefua na kulima asichague tanzanaiti kwa pete ya kila siku, maana si ngumu kama yakuti na hukwaruzika au kupasuka ikigongwa. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini.

Jambo zito zaidi ni zebaki. Msikubali dhahabu ichomwe nyumbani, hata ikiwa ni kidogo. Mvuke wake haunuki wala hauonekani, nao hudhuru mishipa ya fahamu na mtoto aliye tumboni.

Kuhusu fedha, tangu 2019 yameanzishwa masoko ya madini mikoani. Nunueni huko na mchukue risiti. Muulizeni sonara karati. Dhahabu ya karati 18 ina robo tatu ya dhahabu halisi, lakini karati ya kito ni uzito, yaani gramu 0.2. Dhahabu yenu ipimwe mbele yenu kabla na baada ya kazi. Kito kipimwe na mtaalamu, kwa kuwa kioo cha rangi kinaweza kumdanganya hata mzoefu.

Baada ya kuyapima hayo yote, tulikubaliana ada itangulie, nayo imelipwa. Pete tumeiacha. Badala yake tunaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya kidani chenye ganeti 3 ndogo, moja kwa kila mtoto: nyekundu, ya machungwa na ya waridi. Ganeti za namna hiyo ni nafuu kuliko tanzanaiti, na kidani hakisumbui mikono ya kazi. Tumemwomba sonara azungushie kila kito ukingo wa dhahabu ili visinase kwenye nguo.

Mama mpendwa, si dhambi kupenda kitu kizuri. Lakini kaeni wawili, fungueni daftari la matumizi, na kila mmoja aseme la moyoni mwake. Pambo lililonunuliwa kwa siri au kwa mkopo huwa zito shingoni. Lile mlilokubaliana, hata likichelewa mwaka mzima, mtalivaa kwa amani.