Piza ya Forodhani

Jina ni la Kitaliana, lakini chakula chenyewe ni ndugu wa mkate wa kima tuujuao majumbani. Baada ya Magharibi, wapishi wa Forodhani, Unguja, hulitandaza donge la unga kwa mafuta mpaka liwe jembamba kama kitambaa. Hutia kima, vitunguu na yai, wakalikunja pembe nne na kulikaanga juu ya chuma. Wengine siku hizi hutia ndizi na chokoleti. Watoto na waipende, mimi sijaizoea.

Iliyo bora, ewe msomaji, moto wake ni wa taratibu. Mbaya kupita zote ni ile iliyobabuliwa nje kwa haraka, na ndani yai lingali maji. Nayo huuzwa bei ile ile, hasa kwa mgeni. Mwambie mpishi aikate kabla hujalipa.