Contra mpya nimeipa B+, na sababu ninazo

Leo siandiki habari za bumu kuchelewa wala wali wa kafeteria. Leo nasahihisha mtihani. Mtahiniwa ni Contra: Operation Galuga, gemu lililotoka tarehe 12 Machi 2024, na msahihishaji ni mimi, mwalimu mtarajiwa.

Kwa wasioijua Contra, ni lile gemu la mabaunsa wawili wanaokimbia, wanaruka na kumimina risasi mwanzo mwisho. Konami ya Japani ilianza nalo mwaka 1987 kwenye mashine za sarafu, mwaka uliofuata likaingia kwenye kaseti. Sisi watoto wa Ujiji lilitufikia miaka mingi baadaye, kwenye zile mashine za bei poa unazochomeka kwenye TV ya chogo. Risasi moja tu ikikugusa, roho imetoka. Roho zikiisha, kwisha habari yako.

Sasa, kwenye kozi ya upimaji na tathmini tunafundishwa kwamba kabla hujatoa maksi, sema kwanza unapima nini. Wengi wakipima gemu wanaangalia picha, urefu na bei. Kwa vigezo hivyo hili jipya linapata tabu. Lina hatua 8, ukiwa na mkono mwepesi unalimaliza jioni moja. Lilitoka kwa karibu dola 40, yaani zaidi ya shilingi 100,000, wakati bumu la msosi na malazi lilikuwa 10,000 kwa siku... piga hesabu mwenyewe! Halafu wahusika wanaongea mno, utadhani wako kikao cha harusi. Na huwezi kucheza na mwenzako aliye mbali kwa intaneti, lazima mkae mbele ya kioo kimoja. Hilo la mwisho wengi wanalihesabu kosa. Mimi ndipo nilipogawa maksi nyingi kuliko kote.

Ngoja nieleze. Julai 2024 nilikuwa field, nafundisha sekondari moja kule kwetu Kigoma. Nilikwenda na laptopu ya kuazima kwa rumeti wangu, gemu likiwa ndani, na pedi mbili. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Mwalo wa Kibirizi ulikuwa kimya, na braza wangu, ambaye riziki yake yote ni dagaa na migebuka, alikuwa anashinda nyumbani anahesabu mabati.

Braza aliishia darasa la saba akaingia ziwani. Sare na madaftari yangu ya sekondari vilitoka kwenye mitumbwi aliyolala nayo usiku. Lakini tangu niingie chuo maongezi yetu yalikuwa mafupi kweli. "Shikamoo kaka." "Marahaba mwalimu, chuo wanasemaje?" Basi, imeisha hiyo.

Nikawasha gemu. Hapa waliotengeneza, WayForward wa Marekani, wamefanya jambo la maana: unachagua kufa kwa risasi moja kama zamani, au kuwa na mstari wa uhai unaopungua kidogo kidogo. Mimi nikataka ya zamani. Braza akasema, "Mwalimu, dhoruba za ziwani zinanitosha. Weka hiyo ya kujeruhiwa." Mkubwa kasema, nikaweka.

Tukaanza. "Kulia kaka, kulia!" "Nishamuona, ruka wewe!" Pointi mnazokusanya mnanunulia msaada, kwa hiyo kila mkirudi mna kitu mkononi. Siku ya tatu, katikati ya risasi, macho kwenye kioo, braza akasema kama anaongea na pedi, "Unajua ile injini ya boti nina mkopo wake? Nafikiria kuiuza." Nyumbani hakuna aliyekuwa anajua, hata mama. Tuliongea mpaka betri ikakata moto. Kesho yake tulikwenda wote kwa aliyemkopesha kuomba muda hadi ziwa lifunguliwe. Akakubali kwa masharti, lakini alikubali.

Jamani, sisemi gemu linalipa madeni. Nasema hivi: mabanda yetu ya gemu siku hizi ni mpira mtupu. Anayefungwa anasimama, analipa, anampisha mwingine. Ni raha, lakini lazima mmoja aondoke kashindwa, na mtu mzima asiye na kipato hawezi kwenda kukaa pale afungwe na watoto. Contra tangu mwaka 1987 inawaweka watu wawili upande mmoja. Hili jipya limelinda jambo hilo: wawili kwenye hadithi, hadi wanne ukichagua ile staili ya mashine za zamani. Na kwa kuwa hakuna intaneti, huyo mwenzako lazima akae karibu yako, bega kwa bega. Kwa Ujiji yenye bando la kuungaunga, hiyo siwezi kuiita kasoro.

Basi maksi zangu ni hizi: mkicheza wawili, B+. A nimeinyima kwa ajili ya bei na yale maneno mengi. Ukicheza peke yako, C, tena ushukuru. Mwenye rufaa alete, ila aje na mwenzake na pedi mbili.

Nawasilisha.