Taa Iliyosinzia Wakati wa Nikaha

Ukurasa huu wa familia umezoea kuzungumzia mahari, malezi na maandalizi ya harusi. Leo tunaomba nafasi tuzungumzie kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho wazazi wengi hawajui hata jina lake, ilhali kumbukumbu ya ndoa za watoto wao hukitegemea. Nacho ni kile kinachoiamuru flashi iwake bila waya. Wapiga picha wa Mbagala, Tandika na Mwananyamala hukiita triga, nasi tutakiita hivyo hivyo.

Kwa kazi yetu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, sisi ndio tunaopokea taarifa za ndoa, ndio tunaopanga nani akae wapi, na ndio tunaofuatwa mambo yanapoharibika. Tumewatazama wapiga picha kwa miaka, na tunakiri kwamba kazi yao imekuwa bora. Zamani flashi ilikaa juu ya kamera, ikazipiga nyuso kwa ukali na kuacha vivuli vyeusi ukutani. Siku hizi kijana huja na stendi mbili, akaziweka flashi pembeni pamoja na miavuli myeupe, kisha yeye akatembea huru na kamera yake. Mwanga hutoka ubavuni, kanzu haigeuki karatasi tupu, na kila sura huonekana kwa rangi yake.

Uhuru huo una gharama yake. Pale kidole kinapobonyeza, triga iliyo juu ya kamera hutuma ishara ya redio, na nyingine iliyo kwenye flashi huipokea na kuiwasha. Yote hayo hayana budi kutimia wakati pazia la kamera liko wazi, muda ambao mara nyingi ni sehemu moja tu ya 200 ya sekunde. Ishara ikichelewa au ikipotea, kamera hupiga picha kama kawaida, ila picha hutoka giza. Na nikaha haina marudio. Khutba huweza kuchukua robo saa, lakini ijabu na kabuli hazimalizi hata dakika moja.

Jambo hili lilitufikia mezani katika sura ya ugomvi. Katika msikiti wetu ilifungwa ndoa ya binti ambaye baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki, hivyo walii wake alikuwa babu yake mzaa baba, mzee aliyesafiri kutoka Kilwa kwa ajili hiyo tu. Khutba ikasomwa, mzee akashikana mkono na bwana harusi, akad ikapita. Mpiga picha, kijana wa mtaani kwetu, alibonyeza mara kadhaa, na flashi hazikuwaka. Jamaa mmoja akashauri washikane tena mikono ili picha ipatikane. Mzee akakataa kwa upole. “Mwanangu,” alisema, “nimekwisha kuozesha. Siwezi kuigiza nilichokitenda.” Zilikuwa hazijatimia siku arubaini pale habari za msiba wake zilipotufikia kutoka Kilwa.

Hapo ndipo familia ilipokuja kwenye kamati. Walitaka fedha zote zirejeshwe, na zaidi ya hapo walimwita kijana yule tapeli, kwamba alijua kifaa chake ni kibovu akachukua ujira wa watu. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuenea mtaani, na watu wawili waliokuwa wameagana naye kwa harusi zao walikuwa wamejitoa. Kijana naye aliapa kwamba vifaa vyake vilikuwa vizima asubuhi ile na hata kabla ya khutba. Mbele yetu palikuwa na huzuni isiyofidika upande mmoja, na riziki ya mtu na heshima yake upande wa pili.

Tulimwomba alete vifaa vyake, avipange pale pale alipovipanga siku ile. Akabonyeza, flashi zikawaka. Akabonyeza tena, zikawaka. Wajumbe wakatazamana, na mmoja akasema basi kijana hakusema kweli, kwani kifaa kizima hakiwezi kushindwa siku moja tu. Ndipo mzee mmoja wa kamati, aliyestaafu ufundi wa redio, akasema tukae kimya kwa muda ule ule uliochukuliwa na khutba, bila mtu kugusa chochote. Tukakaa. Robo saa ilipotimia akamwambia abonyeze. Hakuna kilichowaka.

Flashi zilikuwa zimesinzia. Flashi nyingi za leo hujizima zenyewe zikikaa dakika chache bila kazi, ili zitunze betri. Baadhi ya triga huweza kuziamsha, nyingine haziwezi, na za kijana yule hazikuweza. Kwa adabu aliyokuwa nayo hakupiga picha hata moja wakati khutba ikisomwa, na ukimya ule ule wa adabu ndio uliomzimia taa.

Yule mzee fundi alitueleza na mengine. Triga nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, kwa hiyo ukumbi wenye mamia ya simu ni kama soko ambalo kila mtu anapiga kelele. Mawimbi hayo ni mafupi, yapata sentimita 12 na nusu, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyameza. Umbali wa mita 100 unaoandikwa kwenye boksi hupimwa uwanjani pasipo vizuizi, si ndani ya msikiti uliojaa wanaume wamesimama bega kwa bega. Triga za megahezi 433 zina mawimbi marefu zaidi, kama sentimita 69, nayo hupenya umati vizuri zaidi, ijapokuwa hukutana na rimoti za magari na za mageti.

Wala ughali peke yake si dhamana. Mwaka 2009 PocketWizard ya Marekani, jina lenye heshima kubwa katika fani hii, ilitoa triga mpya kwa ajili ya kamera za Canon. Ikabainika kwamba baadhi ya flashi za Canon zenyewe zilitoa kelele za redio zilizopunguza umbali wa triga hizo, hasa katika matoleo yaliyouzwa Marekani. Mojawapo ya tiba ilikuwa kuivika flashi mfuko wa kitambaa maalumu cha kuzuia kelele hizo.

Uamuzi wetu ulikuwa huu. Kijana hakudanganya, na kifaa hakikuwa kibovu. Lakini anayepokea ujira wa watu anawajibika kuijua tabia ya chombo chake, kama nahodha anavyoijua jahazi yake. Kwa hiyo alirejesha ujira wa sehemu ya nikaha, akabaki na wa sehemu nyingine alizozifanya vizuri. Familia nayo ililiondoa neno la utapeli mbele ya watu wale wale waliolisikia. Baadaye kijana alikesha na kompyuta akijaribu kuling'arisha giza la picha zile. Mikono miwili iliyoshikana ilionekana, ingawa kwa chengachenga. Uso wa marehemu haukuonekana.

Tangu hapo tumewasikiliza mafundi wengi, na tumejifunza kwamba triga hufia nyumbani zaidi kuliko kazini. Sisi tunaishi pwani, na hewa ya chumvi huziotesha kutu ncha za chuma zinazogusana na kamera. Yafaa zifutwe mara kwa mara kwa kitambaa kikavu. Betri za kawaida za alkalini zikisahauliwa ndani huvuja na kula vyuma vya kifaa. Zitolewe kila kazi inapokwisha. Kitako cha plastiki huvunjika begi likirushwa kwenye daladala au likining'inia bodaboda. Na betri mpya zisichanganywe na kuukuu, kwani iliyo dhaifu huziangusha zote.

Kwa wapiga picha, tunasema: zimeni usingizi wa flashi kabla ya kuingia msikitini, mjaribu mkiwa pale mtakaposimama na watu wakiwa wamejaa, na mwe na triga ya akiba au waya. Flashi zikigoma msiendelee kubonyeza gizani. Ongezeni wepesi wa kamera kupokea mwanga, mtumie nuru ya dirishani. Picha yenye chengachenga ina uso ndani yake.

Kwa upande wetu, imamu amekubali utaratibu mdogo. Khutba inapokwisha, kabla mikono haijashikana, mpiga picha hupewa nafasi ya kuwasha flashi zake mara moja. Zikiwaka, tunaendelea, zisipowaka, anapewa muda wa kuziamsha. Hakuna aliyelalamika kwamba ndoa imecheleweshwa.

Nanyi wazazi, mnapokwenda kuagana na mpiga picha, msiishie kuuliza bei na idadi ya picha. Muulizeni pia: “Taa zako zikigoma wakati wa akad, utafanya nini?” Mwenye jibu tayari, mpeni kazi yenu.