Barua za Kamalondo

Tuingie kwenye ofisi ya barua hapa Kamalondo, mlango uko wazi. Ni Oktoba, miaka ile ya mwanzo ya 2000, na mvua bado hazijaanza. Jakaranda zimechanua mjini, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na barabarani wanapita vijana wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makala. Kwa mbali bomba la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines limesimama kando ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba.

Ndani kunanukia wino wa riboni, na samaki wa thomson anayekaangwa nyumba ya jirani. Printa yetu ni ya sindano, inalia kama cherehani, na karatasi yake ndefu ina matundu pembeni. Wenzetu mjini wameshaziacha za namna hii. Sisi tunaitunza, kwa kuwa inagonga nakala tatu kwa kaboni kwa mara moja, na kila ofisi hutaka nakala.

Kompyuta ya Linux inaandika kwa UTF-8. Printa inajua CP850 tu, jedwali la herufi la siku za DOS. Herufi é kwenye UTF-8 ni baiti mbili, 195 na 169. Kwenye CP850 ni moja, 130. Barua ikipelekwa ilivyo, Thérèse anatoka Th├®r├¿se. Na hapa mezani kuna mama ameleta tangazo la msiba wa binti yake, Thérèse.

Yaya, mwenye ofisi, anavuta kiti, anafungua skrini nyeusi na kuandika kwa vidole viwili amri ya kugeuza herufi:

iconv -f UTF-8 -t CP850//TRANSLIT tangazo.txt > /dev/lp0

Mimi napenda hasa lile neno la TRANSLIT. CP850 haina œ, na huku kwetu hakuna barua ya kwenda kwa masista isiyo na “sœur”. Bila neno hilo iconv inagoma palepale. Likiwepo, œ inakuwa o na e, barua inaendelea hadi sahihi.

“Mama, angalia jina kwanza,” Yaya anasema, akichana karatasi taratibu kwenye mstari wake.

Mama anapitisha kidole juu ya jina, herufi moja moja, alama zote mbili zipo. Anaomba nakala nyingine za ndugu wa Likasi. Yaya anapachika kaboni mpya, anabonyeza mshale wa juu, amri inarudi, printa inaanza tena kulia.